Bastola ndogo ya kuwindia sungura na ndege: hukumu ya nyama yake na silaha inayofaa

SWALI:

Mume wangu ana karakana ya vipuri Gerezani, Dar es Salaam. Mimi na watoto tupo Pemba na mama yake. Kila baada ya wiki kadhaa yeye na wenzake huenda porini upande wa Rufiji kuwinda, na akija hutuletea nyama ya sungura na kanga, nyingine mbichi na nyingine imekaushwa. Mpaka sasa wanatumia bunduki ya mwenzao. Sasa anataka kununua bastola ndogo ya .22, anasema ni nyepesi na risasi zake ni bei nafuu. Mama mkwe hali nyama hiyo, anasema kilichouawa kwa risasi ni nyamafu. Mume wangu anamjibu kuwa hayo ni mambo ya zamani. Nani yuko sahihi? Na je, anunue?

JIBU:

Sifa njema zote Anastahiki Allaah, Rahma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Dada yetu, umeuliza mambo mawili na ndani yake limo la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililotutia wasiwasi zaidi. Tuanze kwa ufupi. Mama mkwe wako ana msingi madhubuti katika madhhabu yetu ya Imaam Shaafi‘iy, wala si mambo ya kizee. Mume wako naye ana wanachuoni nyuma yake. Bastola, tunamshauri asinunue. Na la tatu ni nyama hiyo inayopita bandarini: ina karatasi au haina? Tutalifikia.

Kuwinda kwenyewe hakuna shaka. Suratul-Maaidah imeruhusu windo kwa asiyekuwa katika ihraam, na imetaja wanyama waliofundishwa kuwinda. Sungura ni halali. Imepokewa na Al-Bukhaariy na Muslim kuwa Anas (Radhiya Allaahu ‘anhu) na wenzake walimfukuza sungura karibu na Makkah, akachinjwa, na Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) akapelekewa paja lake akalipokea. Kanga, kororo, kwale, hua na njiwa wa porini nao ni halali, na pimbi kwa madhhabu yetu pia. Njiwa wa mjini wenye banda na mwenyewe si windo, ni mali ya mtu. Mzozo wenu basi hauko kwenye mnyama. Uko kwenye chombo kilichomuua.

Chombo chenyewe

Wengi wanaouliza kuhusu “pointi ishirini na mbili” hawajui ni kitu gani, na hukumu inategemea namna kinavyoua, kwa hiyo tuieleze kidogo.

Risasi za kawaida za bunduki kubwa zina fataki katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya .22 haina fataki ya katikati. Kemikali ya kulipua imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako, na nyundo ya silaha hugonga ukingo huo. Ndiyo maana ganda lake ni jembamba, ni rahisi kutengeneza, na bei yake iko chini. Aina inayoenea zaidi duniani, .22 Long Rifle, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887 na haijabadilika sana. Kichwa chake ni timazi tupu au timazi lililopakwa shaba, kipenyo chake kama milimita 5.6, uzito wake kama gramu 2.6. Ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Kuna nyingine za jamii hiyo zenye nguvu zaidi, kama .22 Magnum ya mwaka 1959 na .17 HMR ya mwaka 2002, lakini anayesema “pointi ishirini na mbili” karibu kila mara anakusudia ile ya kwanza.

Udogo huo unawadanganya watu. Risasi hii inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu ikiinuliwa juu, na ikigonga maji au jiwe kwa mshazari huruka upande mwingine. Kwa sisi watu wa visiwani, ambao nyuma ya kila kichaka pana ama shamba la mtu ama ufukwe wenye wavuvi, hilo si jambo la kupuuza. Pia fataki ya ukingoni hukataa kulipuka mara nyingi zaidi kuliko ya katikati. Ikikataa, mtu haigeuzi silaha kuitazama; anaushikilia mtutu kuelekea pasipo na mtu, anasubiri nusu dakika nzima, ndipo anaitoa.

Sasa, tofauti ya bunduki ya .22 na bastola ya .22. Risasi ni ile ile moja. Kwenye mtutu mrefu wa bunduki baruti hupata nafasi ya kuisukuma, ikatoka kwa kasi ya takriban mita 370 kwa sekunde. Kwenye mtutu mfupi wa bastola kasi hushuka mpaka karibu mita 300, na nguvu yake hupungua zaidi ya kasi inavyopungua. Na hilo ni dogo. Kubwa ni shabaha. Bunduki inakaa begani, mikono miwili imeishika, shavu limeegemea kitako. Hata asiye hodari hutulia. Bastola inaning’inia mbele ya mikono iliyonyooshwa, na tone la kutetemeka mkononi huwa shibiri kule mbele. Wawindaji wa Marekani wanaotumia bastola hizi kwa sungura na kindi huchagua yenye mtutu mrefu, kama inchi sita, yenye kilenga kinachorekebishika, na mwenye busara miongoni mwao hapigi zaidi ya mita 20 au 25. Tena hao wamefanya mazoezi ya maelfu ya risasi kwenye ubao kabla ya kumlenga mnyama. Mume wako, anayeshinda juani akiuza vipuri na kwenda porini mara moja kwa wiki kadhaa, atafanyia mazoezi wapi? Kwa sungura mwenyewe, ndilo jibu. Na mnyama wa kujifunzia hujeruhiwa akakimbia nacho.

Hapo tunakumbuka Hadiyth mbili. Ya kwanza ni ya Shaddaad bin Aws iliyo katika Swahiyh Muslim, kwamba Allaah Ameamrisha wema katika kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Ya pili ni ya ‘Abdullaah bin Mughaffal, iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, aliyemwona mtu anarusha vijiwe kwa vidole akamkataza, kwa kuwa Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alikataza mrusho huo: hauwindi windo wala haumwumizi adui, lakini huvunja jino na hutoboa jicho. Hii ya pili tungependa kila mzazi anayemnunulia mtoto manati au bunduki ya upepo aisome mara mbili. Bastola ndogo mkononi mwa asiye hodari iko karibu na vijiwe hivyo kuliko anavyodhani.

Mama na mwanawe: kauli za wanachuoni

Aya ya tatu ya Suratul-Maaidah imeharamisha, pamoja na nyamafu, mnyama aliyekufa kwa kipigo, aliyeanguka kutoka juu na aliyepigwa pembe. Na ‘Adiyy bin Haatim (Radhiya Allaahu ‘anhu), aliyekuwa msasi kweli kweli, alimuuliza Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) juu ya fimbo nzito ya kurushia windo. Akajibiwa kuwa ikichoma kwa ncha yake ale, na ikipiga kwa ubavu wake ikaua, huyo amekufa kwa kipigo, asile. Kutokana na hapo Mafaqihi wakaweka kanuni: chombo kinachochoma na kupenya nyama yake inaliwa, chombo kinachoua kwa uzito na mshindo nyama yake hailiwi. Jiwe la manati likimuua njiwa papo hapo, hailiwi, hata kama limesomewa Bismillaah mara kumi.

Risasi ni ipi kati ya hizo? Hapa ndipo mama mkwe wako anaposimama. Vitabu vya madhhabu yetu vimetaja “bunduqah”, gololi ya udongo iliyorushwa kwa upinde, na vikasema kilichouawa nayo ni haramu. Baruti ilipoenea, Ibn Hajar Al-Haytamiy, ambaye ni miongoni mwa wategemewa wakubwa wa Mashaafi‘iy na alifariki mwaka 974 Hijriyyah, aliizungumza bunduki ya moto waziwazi. Aliona kumpiga windo kwayo hakufai, kwa sababu inaunguza na kummaliza mnyama haraka kabla hajachinjwa. Akafungua mlango mdogo: mpigaji hodari ajuaye kwamba atampiga bawa tu la ndege mkubwa akamzuia asiruke, kisha amchinje, huenda ikajuzu. Tazama alivyoliona jambo. Kwake risasi ni ya kumzuia mnyama, na kisu ndicho kinachohalalisha. Kizazi baada ya kizazi wazee wetu wa Unguja na Pemba walisoma madhhabu hii, na mama amesema alichokisikia kutoka kwa walimu wake.

Wengine wakaona tofauti. Ash-Shawkaaniy wa Yemen, katika tafsiri yake, alieleza kuwa bunduki hizi zilifika kwao katika karne ya kumi ya Hijriyyah, ndiyo maana wanachuoni wa mwanzo hawakuzisema, kisha akachagua kuwa nyama yake ni halali kwa sababu risasi hupenya; inaingia upande mmoja na mara nyingine hutokea wa pili. Wamaalikiy wa baadaye nao wameruhusu. Katika zama zetu hii ndiyo kauli ya wengi, akiwemo Sayyid Saabiq na Shaykh Yuwsuf Al-Qaradhaawiy, kwa sharti kuwa mpigaji ni Muislamu au katika Ahlul-Kitaab, amekusudia kuwinda, na amemtaja Allaah wakati wa kufyatua. Kwa Mashaafi‘iy kutaja huko ni Sunnah iliyotiliwa mkazo, kwa wengine ni sharti, asiyetaja kwa makusudi nyama yake haliwi. Basi ataje, ajitoe kwenye khitilafu.

Sisi tunaiona kauli ya kuruhusu kuwa na nguvu, kwa sababu anayeufungua mwili wa mnyama aliyepigwa risasi haoni alama ya mshindo bali tundu. Lakini hatumlazimishi aliyeshika madhhabu yake, na tunamwomba mume wako aache kumwambia mama yake maneno yale. Amebaki kwenye kauli ya Ibn Hajar. Hajabaki kwenye ujinga.

Lakini kuna jambo ambalo mnunuzi wa .22 halifikirii. Kwa kuwa risasi hii ni dhaifu, ushauri wa wawindaji wote ni kumpiga sungura kichwani, la sivyo atakimbia na jeraha. Akipigwa kichwani hufa palepale, kisu hakimkuti hai. Maana yake, silaha hii ikitumika vizuri kabisa inatoa nyama ambayo mama hawezi kuila. Ikitumika vibaya inatoa mnyama anayekufia kichakani. Nafasi ya katikati, ya mnyama aliyezuiliwa, akafikiwa hai na akachinjwa, ni nyembamba mno.

Kisu kiko wapi?

Ukimuuliza mwindaji kijana ameandaa nini, atakutajia silaha, risasi, viatu na tochi. Kisu anakikumbuka mwisho. Mafaqihi walikiweka mbele.

Windo likipatikana lina uhai uliotulia, yaani linatikisika kwa nguvu zake lenyewe na damu inaruka ikikatwa, ni wajibu lichinjwe kama kuku nyumbani. Likifa kabla hajalifikia, naye alikwenda mbio bila kuzembea, hukumu inarudi kwenye chombo kilivyoliua. Lakini likifa mbele yake kwa sababu hana kisu, au kisu kimenasa kwenye ala, Imaam An-Nawawiy ameandika katika Minhaaj kuwa ni haramu, kwani uzembe ni wake. Kisu kilichonasa kwenye ala! Karne saba na zaidi zimepita, na bado tunawajua watu wenye kisu chenye kutu, kimefungwa kwenye mfuko chini ya chupa za maji.

Yako na mengine ya porini ambayo mke na mama wana haki ya kuyauliza nyama inapofika mlangoni. Ndege aliyepigwa akaangukia majini akafia humo haliwi, kwa Hadiyth ya ‘Adiyy, kwa kuwa haijulikani ni risasi iliyomuua au maji, ndege wa majini aliyepigwa akiwa juu ya maji ana hukumu yake nyepesi zaidi. Ndege aliyepigwa angani akaanguka ardhini hana tatizo, maana hapana namna nyingine ya kuanguka. Aliyepigwa akagonga tawi kwanza kisha akafa, acha. Mnyama aliyepotea na jeraha akapatikana kesho yake, anaangaliwa: kama hakuna alama nyingine isipokuwa ya silaha yake wala hajaanza kunuka, wako waliomruhusu, kama pana meno ya mnyama mwingine, basi.

Na ikiwa nyama imefika Pemba, mume yuko Gerezani, na wewe hujui kama alitaja Jina la Allaah? Bibi ‘Aaishah (Radhiya Allaahu ‘anhaa) amesimulia kuwa watu waliuliza swali kama hilo juu ya nyama iliyoletwa na waliosilimu karibuni, wakaambiwa wao wenyewe wamtaje Allaah na wale. Mume wako ni Muislamu na anaswali, mdhanie wema. Ila simu zipo, na swali moja la “ulimchinja?” haligharimu kitu.

Lile ambalo hukuuliza

Tanzania Bara, wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na wasimamizi wa uwindaji nje ya hifadhi za taifa ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Kuwinda kunahitaji leseni yenye jina la mwindaji, mnyama aliyeruhusiwa na eneo. Upande wa Rufiji uangaliwe hasa, kwani tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya iliyokuwa Selous imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna leseni wala sungura wala kanga wa kuwinda. Kuwinda kwa tochi usiku na kufyatua ukiwa ndani ya gari navyo vimekatazwa, na ndivyo vijana wengi wa mjini wanavyowinda.

Nyama ya mnyamapori isiyo na kibali huhesabiwa nyara ya Serikali, hata ikiwa imekaushwa, hata ikiwa imekatwa vipande. Mwaka 2023 mwanamke mmoja mkoani Iringa alihukumiwa kifungo cha miaka 22 kwa kukutwa na vipande 12 vya nyama ya swala. Mahakama Kuu ilimwachia huru baadaye, lakini fikiria siku alizokaa gerezani. Tunakuandikia haya wewe hasa, dada, kwa sababu anayekutwa na nyama ndiye anayeulizwa, na nyama iko kwenye friji lako. Mume wako akipanda mwendokasi au bajaji na begi hilo, akashuka bandarini kupanda boti, kila hatua ni hatari kwake, na ikishafika ni hatari kwako. Watu wa mifugo bandarini nao wana masharti yao ya nyama inayovuka bahari.

Kutii sheria inayolinda viumbe na isiyotuamrisha maasi ni katika utiifu tulioamrishwa. Na mali au chakula kinachopatikana kwa kuvunja amana ya umma kina doa hata kama kimechinjwa kuelekea Qiblah na mchinjaji ni mcha Mungu.

Anayetaka nyamapori kwa njia safi anayo: tangu mwaka 2020 Serikali imeweka kanuni za mabucha ya nyamapori yenye leseni. Hapo swali huwa jingine, nani aliyewinda na nani aliyechinja, na mwenye bucha aulizwe bila haya. Jibu la “ni halali tu” kutoka kwa asiyejua aliyempiga mnyama si jibu.

Huku visiwani tuna Sheria ya Misitu Na. 10 ya mwaka 1996, na tuna paa nunga, ambaye duniani kote anapatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Paa nunga ni halali kuliwa kifiqhi. Kumwinda leo tunaona ni kosa. Wasasi wetu wa asili, wenye mbwa na nyavu, wengi wao wanalijua hilo kuliko wageni wenye bunduki.

Ama silaha yenyewe, inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia serikali ya mtaa, hupita polisi na kamati za usalama, na mwombaji hueleza anaitaka kwa ajili gani. Bastola kwa desturi huombwa kwa kujilinda na kulinda biashara. Hata mgeni anayekuja Tanzania kuwinda kwa leseni haruhusiwi kuja na bastola. Kwa hiyo mume wako akiandika “kuwinda” kwenye fomu ya bastola hatarajii kuipata, na akiandika “kulinda duka” kisha akaipeleka Rufiji, amesema uongo mbele ya Serikali na amebeba ushahidi wake mwenyewe. Akiambiwa na mtu kule Kariakoo kuwa iko ya mkono wa pili isiyohitaji maneno mengi, aondoke hapo mara moja.

Kama lazima awinde

Apate leseni kwanza. Kisha, kwa ndege, bunduki ya marisau inafaa kuliko kitu chochote chenye risasi moja: inampiga ndege mbawani na kifuani, mara nyingi anaanguka akiwa hai, na kisu kinamkuta. Marisau yenyewe yanapenya, na hukumu yake kwa wanaoruhusu risasi ni ile ile. Kwa sungura na pimbi, bunduki ndefu ya .22 yenye darubini ni bora mara nyingi kuliko bastola yoyote ya .22 iwe ya kampuni gani, ikiwa leseni yake imeitaja. Gobore la kienyeji hatulishauri. Lina hatari kwa anayelishika kabla ya mnyama. Asimlenge mnyama kwa mchezo tu na kumwacha: Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, kama alivyopokea Ibn ‘Umar.

Wapo waliotuuliza kuhusu kunguru, kwa kuwa wametajwa katika viumbe vitano viovu vinavyouliwa hata ndani ya Haram. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 wale taka, wakavuka mpaka Dar es Salaam, na leo wanatawala mapaa ya Kariakoo yote. Kuwaua inajuzu. Kuwafyatulia risasi juu ya paa la Gerezani, penye watu mamia chini na risasi inayofika kilomita moja na nusu, haijuzu, na hilo halihitaji fatwa.

Nyumbani, silaha ifungwe kabatini kwa ufunguo na risasi zikae pengine kwa ufunguo mwingine. Hapa pia bastola ina ubaya wake: inaingia kwenye droo, chini ya mto, kwenye mkoba, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuinyanyua. Imepokewa na Muslim kuwa Malaika humlaani anayemwelekezea ndugu yake chuma, hata akiwa ni ndugu wa baba na mama mmoja. Hakuna kisingizio cha “haikuwa na risasi”.

La mwisho ni la jikoni. Kichwa cha .22 ni timazi, nalo ni sumu, zaidi kwa watoto wadogo na mama mjamzito. Likigonga mfupa humeguka vipande visivyoonekana kwa macho. Usikate tundu tu. Ondoa nyama yote inayolizunguka, yenye damu iliyoganda, kwa upana wa vidole vitatu au vinne, na usimpe paka. Nyama hiyo usiiloweke ndimu wala siki kabla hujaisafisha, kwani uchachu huyeyusha timazi likaingia ndani zaidi. Iliyokaushwa tayari huwezi kujua tundu lilikuwa wapi, basi watoto wasile.

Nyama mliyokula huko nyuma hamna dhambi nayo, mlimwamini Muislamu. Iliyopo sasa kwenye friji muulize mumeo kama ina karatasi, na kama haina, asilete nyingine. Mama apikiwe samaki wake kwenye chungu chake bila maneno. Na siku mume wako atakapokuwa na leseni mkononi, ampelekee kanga mmoja aliyemchinja yeye mwenyewe akiwa hai, amwambie hivyo kwa mdomo wake. Huyo, kwa madhhabu zote, mama atamla.

Na Allaah Anajua zaidi.